Kuhusu Violini Niliyokusingizia

Baba Adela,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua, jana nilikuwa napalilia juu yako. Magugu ya Kibondo hayana adabu, mvua mbili tu yameshafika kwenye msalaba. Basi nianze na hali yangu. Mwili mzima, ila nimekukosea. Watu wote waliokupenda wanaamini uongo juu yako, na uongo huo ulitoka mdomoni mwangu. Nimechukua daftari la hesabu la mwanao, kurasa za nyuma, nikuandikie, maana pale kaburini kila nikifungua mdomo nalia tu, na wewe kilio changu hujawahi kukivumilia.

Violini yako haipo tena. Hilo kwanza.

Unakumbuka wiki ile ya mwisho ulivyonishika mkono, umebaki mifupa na macho? Ukaniambia, "Mama Adela, ile kubwa ni ya mtoto. Usimpe sasa, ataupinda mgongo. Mpe siku mkono wake ukinyooka na vidole vikaweza kukumbatia kichwa cha violini." Ukataka hata kunionyesha, na nguvu za kuinua mkono huna. Nikakujibu sawa, nimesikia, lala. Ulipofumba macho, kitu cha kwanza nilichokitunza humu ndani hazikuwa nguo zako. Ilikuwa violini.

Sasa nisikilize, na usinune huko uliko. Mwaka ule dumuzi walituvamia. Walikula mahindi, wakatoboa mpini wa jembe, wakahamia fremu ya dirisha. Kila asubuhi nafagia unga wa mbao. Nikaingiwa na hofu, nikasema hawa mwisho wao ni sanduku la Baba Adela. Na mimi nimelelewa vipi? Nimelelewa na bibi aliyekuwa akitunza mbegu za ukoo mzima kule Kasulu. Kwetu kitu cha thamani kinapanda uchagani, kile kichanja cha miti juu ya mafiga, moshi ukipige, mdudu asikisogelee. Maharage yangu ya mbegu hukaa pale toka mavuno hadi mvua, na hakuna mwanamke mtaa huu ambaye hajaja kuniomba kikombe. Basi nikaifunga violini na kanga, ndani ya sanduku lake, nikaipandisha katikati ya mbegu. Nikajiona nina akili! Nikisonga ugali nainua macho nasema moyoni, mali ya mwanao iko salama, Baba Adela.

Mwaka mzima. Mwaka mzima nimekuwa naikausha taratibu, asubuhi na jioni, kwa kuni nilizozichanja mwenyewe.

Ndugu zako wakaja kumaliza msiba, ile kuganduka yenu ya Burundi ambayo wazazi wako walivuka nayo mpaka pamoja na sufuria. Nilipika siku mbili. Kwaya yote uliyoifundisha ilikuja na sare. Mdogo wako Yonasi akagawa vitu vyako kama desturi inavyotaka, koti kwa huyu, baiskeli kwa yule, mwisho akasema, "Sasa ya Adela." Mtoto alikuwa ameshajipima mkono asubuhi, mara tatu, akaniita nione. Ulifika, Baba Adela. Vidole vilikunjika kule mbele vizuri kabisa. Alikuwa amepaka mafuta mpaka magotini. Nikalishusha sanduku kwa mikono yangu, nikalifuta masizi, nikampa.

Alipoishika shingo akainua, ilikuja shingo peke yake. Mwili ulibaki sandukuni. Gundi ilikuwa imekauka ikawa unga, maungio yote yameachana, na ubao wa mbele umepasuka toka juu hadi chini. Mtoto akabaki ameishika ile shingo mbele ya watu kama mtu aliyeshika kuku aliyechinjwa, hajui aiweke wapi.

Yonasi akauliza, taratibu tu, "Ilikuwa inakaa wapi hii?" Nikasema uchagani. "Nani aliiweka?"

Macho yote kwangu. Mama yako. Dada zako wawili, wale ambao toka unioe wanangoja siku nitakayokosea. Nikasema, "Mwenyewe. Aliiweka mwenyewe kabla hajazidiwa."

Ilitoka kama kikohozi. Maiti haulizwi sanda, na wewe hukuulizwa. Watu wakaguna. Mmoja wa wale waimba besi akasema, "Mwalimu naye! Anaanika violini kama samaki!" Wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kujishikiza. Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka nao.

Adela hakucheka. Toka siku ile akaacha kwenda kaburini. Zile karatasi za nota ulizomwandikia kwa kalamu nyekundu akazibandua ukutani moja moja, akazitia chini ya godoro. Ile violini yake ndogo aliendelea kuipiga, lakini kila ulichomfundisha anakigeuza. Ulimwambia upinde ushikwe kama kifaranga, yeye akaukamata kama panga. Nilipomuuliza, akanijibu, "Mama, Baba hakuwa anajua. Angekuwa anajua asingeiweka juu ya moto." Alisema bila hasira, kama anayeniambia chumvi imeisha. Ningeweza kusema palepale, tulikuwa wawili tu, tunachambua maharage. Nilinyamaza miezi na miezi. Yoo, Baba Adela, mdomo huu unaoujua, usioshindwa na mtu sokoni, ulishindwa na mtoto wa miaka kumi na minne.

Ikafika mahali ile ndogo haimfai kabisa. Amekuwa mrefu kama wewe. Akiiweka shingoni anaonekana mtu mzima aliyepanda baiskeli ya mtoto, kiwiko kinagonga mbavu, na vidole havina pa kukaa. Mwalimu aliyeshika nafasi yako kwenye kwaya akanifuata nyumbani, akaniambia, "Mama, huyu tukimwacha hivi ataharibika, atafutiwe ya saizi yake, na iwe nzuri maana hatanunuliwa nyingine." Fedha zilipatikana. Usiniulize, mbuzi wako wawili hawapo, yatosha. Tukaenda Kasulu. Njia ni lami siku hizi, lile vumbi ulilolilaani miaka yote limekwisha na wewe hukuliona likiisha.

Tulikwenda kwa Mzee Laurenti, fundi wa magitaa na vinanda, yule wa kwenu uliyekuwa unashinda kwake mpaka chakula kinapoa. Amezeeka. Alikuwa nazo mbili. Moja mpya, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ya pili kuukuu, rangi imetoka pale panapokaa kidevu, na ubavuni ina kiraka. Mwenye nayo alikuwa mkimbizi kambi ya Mtendeli, ilipofungwa akarudi Burundi, akaiacha kwa mzee akisema kule anakokwenda haitamlisha.

Adela hakuigusa ile kuukuu. Akachukua mpya, akapiga, ikalia kwa nguvu mpaka kopo la misumari likatetema mezani. Akasema, "Hii." Mzee akatabasamu. Akamwambia kwa Kiswahili chake kile cha kambini, "Mtoto, hiyo iko na makelele ya karibu. Baba yako alikuwa anatuma mtu barabarani, ye anabaki ndani anapiga. Alisema ya karibu inadanganya, ulizia yule wa mbali."

Kweli ulikuwa hivyo. Jumamosi nimekaa nje zangu na ungo, wewe uko ndani unasugua nyuzi, mara unapiga kelele dirishani, "Mama Adela, imefika?" Nami najibu imefika, imefika, ili uniache nichambue maharage yangu. Hata siku ambazo sikusikia kitu nilikujibu imefika. Na hilo nilikuwa sijakuambia.

Adela akamjibu mzee, mbele yangu, "Baba yangu alikuwa haelewi violini. Ya kwake aliichoma mwenyewe."

Mzee Laurenti akaweka chini kitambaa. "Zakaria? Zakaria alichoma?" Akasema, yule ambaye hata juani haachi sanduku, aliyekuwa anafunika violini kwa koti lake huku yeye analowa? Kisha akaniangalia mimi. Hakuuliza. Aliniangalia tu, na nikajua ameshajua.

Nikwambie ukweli wote? Nilitamani kunyamaza tena. Ningetoa fedha, tukachukua ile inayong'aa, mchana tukawa tumefika nyumbani. Lakini nilimwona mwanao ameikumbatia ile ya makelele, tena kwa kukukomoa wewe, na akishaichukua ataipiga miaka yake yote hivyo hivyo, kwa kukukomoa. Nikasema, "Ni mimi. Baba yako alikuwa hajaigusa. Niliiweka mimi uchagani, juu ya moto, na nikasema ni yeye."

Nilidhani atalia. Hata kunipiga nilidhani. Akasema tu, "Mama. Siku ile ulicheka."



Akaiweka ile mpya mezani. Akasema, "Toka nje." Nikajua nimefukuzwa, nikashika mlango. Akaongeza, "Nenda mpaka barabarani, uvuke. Ugeuze mgongo." Ndipo nilipoelewa.

Nikavuka. Nikasimama kwa mama mmoja anayeuza ndizi za kuchoma, nikatazama ukuta. Ya kwanza ikalia, niliisikia vizuri, ikapita bodaboda, ikafutika, na bodaboda ilipokwisha kupita haikurudi. Kimya. Ya pili ikaanza. Nyembamba, Baba Adela, kama sauti ya mtu anayeogopa kuamsha wagonjwa. Lakini ilivuka barabara. Zikapita bodaboda mbili na lori, nayo ipo tu, haijapandisha sauti, haijaondoka. Mama wa ndizi akainua kichwa akauliza, "Kuna msiba wapi?" Maana ulikuwa ule wimbo tuliokuzika nao. Mwanao hakuwa ameupiga hata siku moja toka tukuzike, na upinde nadhani aliushika kama kifaranga, sikuona, nilikuwa nimegeuka kama nilivyoambiwa.

Niliporudi nikasema, "Ya pili imefika." Safari hiyo sikusema uongo. Adela alikuwa ameshaitia sandukuni ile kuukuu. Hakuningoja mimi, masikio yake ni yako. Mzee akamwonyesha kwa tochi kijiti kinachosimama ndani yake, akamwagiza isikae juani, isikae penye moto. Aliposema moto aliangalia chini, alinionea huruma. Huruma yake iliniuma kuliko angenitukana.

Njia nzima ya kurudi sanduku lilikaa katikati yetu. Tulipokaribia stendi ya Kibondo ndipo akafungua mdomo. "Sitaipiga kanisani mpaka uwaambie. Wote. Na bibi." Basi. Toka siku hiyo wiki ya tatu sasa, karatasi zako zimerudi ukutani, na anapiga nikiwa shambani. Nikikanyaga uwanja tu, anakata. Juzi niliwahi kurudi nikajibanza kwenye mihogo na jembe begani, nikasikiliza kidogo mpaka jogoo akanifichua. Ungemsikia. Ungemsikia, mume wangu, ungetupa kofia.

Nimeshatuma ujumbe kwenu Nyabibuye. Mama yako na dada zako watakuja Jumapili, Yonasi atawaleta. Wanadhani ni ibada ya shukrani. Nawajua. Nikishasema, mama yako atasema mtoto hawezi kulelewa na mwanamke anayemsingizia marehemu, na dada zako watakuwa wameshafunga nguo zake kabla sijakaa chini. Na Adela akiulizwa anataka kukaa wapi, Baba Adela, sijui atajibu nini. Kwa kweli sijui. Nimemwangalia wiki hizi tatu akila, akifua, akinipita, na sijui.

Nakuahidi hivi. Sitawaambia habari za dumuzi. Sitasema nilikuwa na uchungu, sitasema niliogopa, maana nikianza na hayo mdomo wangu nautambua, utanitafutia mlango wa kutokea. Nitasimama kanisani pale mbele ambapo ulikuwa unasimama wewe, nitasema niliiweka mimi, nilimsingizia mimi, na nilicheka. Halafu nitakaa. Mtoto apige au asipige, ni lake.

Lala, Zakaria. Jumapili nakurudishia jina lako, hata kama mtoto ndiye nitakayemkosa.

Mkeo,
Mama Adela