Piko Juu ya Jeraha

Dada yangu Mwanaidi,

Kabla hujasoma zaidi, funga mlango. Nakuomba kwa haki ya ziwa tulilonyonya, neno hata moja lisimfikie mama wala mtu yeyote hapo Wete. Ukimaliza, itie barua hii jikoni iungue. Simu nimeiogopa, maana ikilia hapo kwenu nyumba nzima husikiliza.

Shikamoo, dada. Hujambo na wanangu? Kifua cha bibi kimepoa? Mimi leo nashindwa kuandika kuwa ni mzima.

Ofisini tunapokea viungo kutoka mashamba ya Kidichi. Nilikuwa nafungua katoni za karafuu, kisu kikateleza kikanikata mgongo wa kiganja cha kushoto. Kituo cha afya wakaniosha kwa maji na sabuni, wakanifunga bendeji, wakaniambia nisiuloweshe mkono, na nirudi kesho yake nisafishwe tena na kuchomwa sindano ya pepopunda. Sindano! Unanijua. Sikurudi.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na harusi Mkunazini, upande wa mchumba wangu. Ndiyo kwanza mama mkwe anioneshe kwa ukoo wao, nami nikaona haya kwenda na bendeji kama mtu aliyetoka kupigana. Nikaivua. Nikaenda kwa Bi Saumu, mchoraji hina, anichore ua kubwa la piko, ile rangi nyeusi ya nywele, lifunike pale.

Akaugeuza mkono wangu kwenye mwanga. "Hapa pana jeraha, mwanangu."

"Nshapona, Bi Saumu."

"Umepona wapi na pekundu hivi? Piko si dawa, we mtoto."

"Hapaumi hata kidogo. Chora tu."

"Haya. Usije ukanisingizia mie."

Dada, palikuwa panauma. Na rangi ilipogusa, nilihisi kama natiwa kaa la moto, nikawa namchekea usoni.

Siku ya harusi mkono ulikuwa umevimba, na ua limetoka malengelenge. Nikauficha ndani ya mtandio. Mama mkwe akaja na wenziwe. "Lete tuuone mkono wa karani wetu," akasema, "huu ndio utakaomhesabia mwanangu matumizi!" Wakacheka. Akauvuta, akaubana. Nikapiga ukelele uliowanyamazisha wapiga ngoma. Mwanamke mmoja akauliza, "Bibi harusi yule kule, mbona analia huyu?"

Mama mkwe akatazama vidole vyake, vimelowa usaha. Akasema polepole, "Mwanangu, mkono huu unanuka." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Nilitoka sikuaga, na sasa nasikia wanaulizana kama nina maradhi ya ngozi niliyowaficha. Kuwaambia kweli ni kuwaambia kuwa mke wanayemtaka ni muongo.

Kituoni muuguzi akauliza, "Nani alikwambia urembo unapakwa juu ya nyama mbichi?"

Nikataka kuufunika tena kwa mtandio, akanizuia.

"Umesoma wewe?"

"Naam."

"Mpaka wapi?"

"Diploma."

"Basi tulia nikuoshe."

Akaniosha, akaitoa ngozi iliyokufa, akanichoma ile sindano niliyoikimbia, akanipa na vidonge. Lakini daktari anasema usaha umejikusanya chini ya ngozi, na Alhamisi asubuhi ataupasua mkono autoe. Tukichelewa, sumu itapanda, na vidole huenda visikunjike tena. Ametaka nije na ndugu. Hapa nina shangazi tu, na jambo likimfikia shangazi asubuhi, adhuhuri linajulikana soko zima la Darajani. Nikiwa peke yangu, dada, najijua: nitakimbia tena.

Nisalimie mama, umwambie kazi ni nyingi. Huo ni uongo mmoja zaidi nakuomba unibebee. Nisalimie bibi, na shemeji, ambaye najua atakupa ruhusa.

Mimi mdogo wako, ninayeona haya hata kukuandikia,
Rukia

Panda boti ya Jumatano. Ukishuka, usije kwa shangazi. Lala kwa rafiki yako wa Malindi, pale jirani na bandari. Alhamisi mapema uliza kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, wala usinitaje jina. Nje ya chumba cha vidonda pana benchi. Nitakuwa mwisho wake, mkono nimeufunika kwa buibui. Keti kuliani kwangu, unishike mkono ulio mzima, na ukiniona nanyanyuka, nivute nikae.