Nilipowauliza Walimaanisha Nini

Jumanne, 5 Machi 1996

Kanda tena. Kurudisha nyuma, kusikiliza, kuandika. Mama na Mama Akinyi kwenye kibanda chao Kisumu Ndogo, Kibera. Ndengu za Mama upande huu, omena za Mama Akinyi upande ule, mwavuli mmoja. Tulipohamia Kawangware Mama alikataa kukiacha. Kila alfajiri anatembea hadi Kibera.

Tasnifu yangu inahusu maana isiyotamkwa. Leo nimepata mfano niliokuwa nikiutafuta. Mama: "Kwenu Siaya ni mbali, dadangu." Mama Akinyi: "Mbali sana. Wenye miguu ndio walifika." Wakacheka wote wawili.

Mwaka jana Mama Akinyi alimzika mumewe. Mama hakwenda.

Alhamisi, 7 Machi

Msimamizi wangu hataki tafsiri yangu. Nirudi kwa wasemaji wenyewe, wasikie kanda, kila mmoja aeleze alimaanisha nini. "Bila hivyo ni ramli," akasema. Bila sura hii simalizi mwaka huu.

Namchukia zaidi anapokuwa sahihi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeharibu kila kitu.

Niliwachezea kanda pale pale kibandani. Mwanzoni ilikuwa raha. Mama Akinyi: "Wee nyathina, mwanangu, hii redio yako haina hata zilizopendwa?" Kisha nikamuuliza alimaanisha nini.

"Nilimaanisha vile nilisema."

Nikauliza tena. Nimefundishwa nisitosheke na jibu la kwanza. Akanitazama.

"Sawa. Mamako hakuja kuzika mzee wangu. Umefurahi?"

Hapo ningezima mashine. Sikuzima. Nikamgeukia Mama: kwa nini alisema Siaya ni mbali?

"Mutindi, wachana na hayo."

Lakini sasa Mama Akinyi naye alikuwa anangoja. Hata kunyamaza kungekuwa jibu.

"Niliogopa ule ugonjwa," Mama akasema.

Kulikuwa na wateja. Mmoja alirudisha omena kwenye karai. Taratibu, kama mtu anayeweka yai.

Mwaka mzima wanawake wale walijua. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Walilifunika, wakalitania, wakauza. Nikaja mimi na elimu yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Habari imefika hadi mwisho wa soko. Hakuna anayenunua omena zake Mama Akinyi. Mama anawaambia wateja kwamba alikuwa anatania tu. Wanaitikia kwa adabu na kwenda kununua kwingine.

Nadharia inasema kilichodokezwa tu, msemaji anaweza kukikana. Kilichotamkwa, hawezi. Niliandika hayo kwenye mtihani na nikasifiwa.

Nilipofika leo Mama Akinyi akaita jirani zake: "Daktari wa midomo huyo! Fungeni meno, atayang'oa!" Wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamwomba msamaha.

"Si wewe," akasema. "Wewe ulikuwa kazini."

Afadhali angenipiga.

Jumatano, 27 Machi

Mama Akinyi amehama. Anauza Riruta, ambako hakuna anayemjua. Hakumuaga Mama. Mwavuli ameuacha, na Mama hataki kuufungua. Anakaa juani.

Nimempelekea msimamizi mazungumzo yote. Sijui nilitarajia nini. "Dhahabu hii," alisema. "Hasa ule ukimya kabla mamako hajajibu. Upime."

Nilitaka kumtemea mate. Nikarudi nyumbani nikaupima.

Wasemaji nimewaita A na B. Sura imekubaliwa.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Mama hakwenda kanisani. Amekaa mlangoni, anachagua ndengu.

Hajanigombeza hata mara moja. Zamani akitaka niamke alikuwa akisema jua la Kawangware limezeeka likinisubiri. Akiona vyombo vichafu, alikuwa akiwapa nzi pole kwa kazi nyingi. Nami nilikuwa nikinung'unika, nikacheka, nikainuka.

Siku hizi anataja kitu chenyewe. Amka. Osha sahani. Funga mlango. Kila neno na maana yake, basi. Nadhani anaogopa nitauliza.

Amepakua chakula, akakisogeza kwangu.

"Kula."

Nimekula.