Saa ya Shemeji Imegoma

Kwako mdogo wangu Kijino,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yametulia, na bado unabishana na kila mtu, maana siku ukiacha ubishi nitajua unaumwa kweli. Mimi sijambo, ila meno yananiaga moja moja.

Kuhusu saa ya marehemu shemeji: nimeifungua, nimeisafisha, nimeitia mafuta, na sasa inakwenda vizuri kuliko siku ilipotoka kiwandani. Hakuna saa iliyowahi kunishinda.

Haya, nimedanganya. Haiendi. Ipo hapa mezani, nimeifunika kwa glasi isiingie vumbi, imenyamaza kama mkwe ugenini.

Usianze kulia, ngoja nikueleze. Uliniandikia niitengeneze kisha iuzwe, kwa sababu kila ukiitazama unakumbuka kwamba baba alikufa bila kumpa mumeo mkono. Basi yule mnunuzi uliyekubaliana naye, ambaye mimi namwita Bwana Pete kwa kuwa hana kidole kilicho wazi, alikuja Jumatatu akataka nifanye kazi mbele ya macho yake. Nikamwambia fundi si mpishi wa kusimamiwa jikoni. Akavuta stuli, akakaa. Akauliza kama mikono yangu haitetemeki. Nikamjibu inatetemeka nikishika kikombe, lakini ikishika bisibisi inakumbuka adabu.

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Akainama mpaka pumzi yake ikataka kupeperusha skrubu. Akaona mikwaruzo upande wa ndani wa kifuniko, akaniagiza niisugue yote mpaka kifuniko king'ae kama kioo, maana wateja wake hawanunui makovu. Jasho likaanza kunitoka. Nikasema kwanza mashine, kifuniko baadaye. Nilipofika kwenye kile kigurudumu kinachocheza kulia na kushoto, ambacho ndicho moyo wa saa, mkono ukanicheza. Nikapiga ukelele kwamba kimeruka.

Tulikitafuta! Bwana Pete alitambaa chini ya meza na suruali yake nyeupe, mimi namwelekeza, aangalie huku, apapase kule, asogee kidogo. Hakuna. Akasimama magoti meusi, akaapa kwamba Ijumaa anarudi na fundi wake na kigurudumu kingine, anaondoka na saa, na akikuta kifuniko hakijasuguliwa atautangazia mtaa mzima kwamba mimi ni mwizi. Tangu hapo kila mlango ukilia nashtuka kama kuku aliyesikia kisu kinanolewa.

Sasa kaa kitako, Kijino.

Unakumbuka baba alivyokuwa akimaliza kutengeneza saa? Alichora alama yake ndani ya kifuniko kwa ncha ya sindano, ili siku ikirudi ajue iliwahi kupita mikononi mwake. Mguu wa kuku, mistari mitatu, na sisi tukimcheka kwamba hata jina lake hajui kuliandika. Ile mikwaruzo ni miguu ya kuku. Kifuniko kizima kimekanyagwa. Ya zamani imenyooka. Ya mwisho imepinda, ya mtu ambaye mkono umeanza kumkatalia, kama wangu leo. Na saa hiyo shemeji aliinunua alipozaliwa mwanao wa kwanza, baba akiwa ameshaapa zamani kwamba hamtambui kama mkwe.

Ndiyo sasa naelewa kwa nini baba alikuwa ananituma nikanunue mafuta ya saa ilhali chupa imejaa. Nilidhani ni uzee. Nikirudi nakuta stuli ya wageni imesogezwa karibu na yake, naye anapiga mluzi. Kiburi cha baba hakikuweza kupita mlango wa mbele, kikazungukia uani. Na mumeo naye akakaa kimya mpaka kaburini. Wakaidi wawili! Mkono hakumpa, ni kweli. Lakini saa mumeo aliipokea ikiwa bado ina joto la mkono wa baba.

Jambo la mwisho, na usinitukane. Kigurudumu hakikuruka. Bwana Pete alipotambaa kukitafuta, kilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya kikopo cha dawa ya kikohozi. Kimo humo hata sasa ninavyoandika. Saa ni yako, si yangu. Ukisema iuzwe, nitakirudisha mahali pake na itatembea. Ila kifuniko sisugui, hata anivishe pete zote. Useme kabla ya Ijumaa.

Nisalimie wanao, na yule mkubwa mwambie ndevu hazimkai.

Tena, una mwavuli wangu. Nilikupa siku tuliyomzika baba, mvua inanyesha, ukaondoka nao bila kugeuka nyuma wala kurudi tena. Mimi huku nalowa. Naudai. Usimpe mtu aniletee. Uulete mwenyewe, Alhamisi.

Ni mimi kaka yako,
Fundi Majira