Maneno Uliyokuwa Ukiyaruka

Papa uliye ng'ambo ya ziwa,

Kijiko kikigonga kikombe cha bati: sauti hiyo ndiyo iliyobaki nami kutoka nyumba yetu ya Pweto. Ulikuwa unagonga, sisi tunanyamaza, hata Mama anaacha kupakua ugali wetu wa bukari. Kisha unasimama, mwalimu wa historia mbele ya mke na mabinti wawili, na kutuletea yule msemaji wako, Mmarekani wa zamani za kumkataa mfalme. "Nipeni uhuru, au nipeni kifo." Mimi na Furaha tunapiga makofi. Bukari inapoa.

Tulipokimbia vita, kikombe kilivuka nasi. Huku Nchelenge, kwenye makazi ya wakimbizi, uligonga tena, lakini sauti yako ilikuwa imebadilika. Kwenda soko la Kashikishi kulihitaji karatasi ya ruhusa, na kila ulipoiomba ulirudi umekunja uso. Unakumbuka siku ile sokoni? Ulisimama mbele ya mama mmoja Mbemba aliyekuwa akianika dagaa, ukamtolea maneno yote, uhuru au kifo, mkono juu. Alikusikiliza mpaka mwisho. "Batata," akakuita kwa heshima ya baba, akaendelea kwa Kiswahili chake cha biashara, "hiyo yote miye sina. Niko na chisense tu." Soko lote lilicheka. Wewe hukucheka, na mwaka juzi ukarudi ng'ambo kufundisha. "Mutu haishi na ruhusa ya mutu mwingine," ulituambia, ukatuachia kikombe ili tujue utakifuata.

Wiki hii, badala yako, amekuja Mama Sifa, yule anayevusha sabuni na kurudi na samaki. Alikaa kwenye mkeka wetu, akanywa maji, ndipo akasema.

"Papa yenu anasema mukuje bote. Anasema munajua mwenyewe: uhuru ao ile ingine."

"Na bunduki?" nikamuuliza.

"Zinalia kidogo. Hapana kila siku."

Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia mvua, Papa. Zinalia kidogo. Na wewe ulijua, ukamtuma.

Ni msemaji wako huyohuyo aliyesema kwamba watu wanalia amani, amani, wakati amani hakuna. Ni yeye pia aliyesema ana taa moja tu ya kuongoza miguu yake, nayo ni yale aliyoyapitia. Hayo niliyasoma mwenyewe shuleni, kwa sababu nyumbani ulikuwa ukiyaruka. Nilipokuuliza kwa nini, ulijibu, "Ile haipigiwi makofi." Nikakuambia pia nilichosoma, kwamba mtu huyu aliyedai uhuru alikuwa na watumwa. Ulicheka. "Maneno ni makubwa kupita mwenye kuyasema." Nimelala na jibu hilo miaka mingi, na bado linanikera.

Basi niambie sisi tumepitia nini. Mama alivuka ziwa hili akiwa na mimba, na mtoto alizaliwa upande huu bila kulia. Kaburi ulilichimba mwenyewe. Hakupewa jina. Hiyo ndiyo taa yetu, Papa. Hatuna nyingine.

Lakini Mama aliposikia ujumbe wako, alianza kukunja vitenge papo hapo, uso wake unang'aa kama wa msichana. Nilimtazama nikawaza juu ya wavuvi wa Kashikishi wanavyotoka usiku na taa zao, na chisense wanavyopanda juu kuifuata nuru, wengi, kwa furaha, mpaka ndani ya wavu.

Usidhani napenda kuishi hivi. Mimi pia hiyo karatasi ya ruhusa inanichoma. Nimesoma, na kufika tu sokoni lazima nijieleze kwa mtu ambaye hanitazami usoni. Nikiwa peke yangu huwa nayasema maneno yako kwa sauti ya chini, na yananisimamisha wima. Ndiyo maana nimekukasirikia hivi. Yule mtu aliomba kifo chake mwenyewe. Hakuwaombea wanawe, wala hakutuma mtumbwi uje kumchukua Furaha.

Jana tulishuka ufukweni. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa mtumbwini na Mama alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu. Niliingia majini mpaka magotini, nikaanza kuishusha.

"Unanikatalia bwana yangu?" Mama akauliza.

"Hapana bwana yako, Mama. Ile ingine."

Alikaa juu ya furushi, akaangalia maji. Furaha alinishika mkono. Mama Sifa alitikisa kichwa akasema, "Huyu ni mutoto wa mwalimu kabisa," na mpaka sasa sijui kama alinisifu au alinitukana. Tulirudi na kila kitu. Mama hajasema nami tangu hapo. Leo amenipakulia chakula, akageuza uso.

Mama Sifa atashuka kwako peke yake, na barua hii. Ndani ya kitambaa amebeba kikombe chako na kijiko. Nimevitoa mimi, Mama hajui. Wapo watoto wa shule yako, na wao watanyamaza ukigonga. Uwaanzie na maneno yale ya taa.

Binti yako mkubwa,
aliyeshusha mizigo