Mama, Wamemchukua Zawadi

Mama,

Hukupenda kusikia habari mbaya kwa watu wa nje, kwa hiyo acha nikwambie mwenyewe. Zawadi hayupo nyumbani. Walimchukua wiki mbili baada ya kukuzika.

Alikuja dada mmoja wa ustawi wa jamii, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Wakauliza karatasi za malezi. Karatasi gani, Mama? Jirani yetu alipofariki ulimchukua mtoto wake mchanga, kama ulivyonichukua mimi zamani, ukaniambia, "Huyu sasa ni mdogo wako." Yakaisha. Nikawaeleza kwamba mimi ndiye dada yake. Yule dada wa ustawi akaandika, kisha akasema taratibu, "Lakini si wa damu." Zawadi alidhani anapelekwa matembezi. Akavaa raba zake mwenyewe.

Sasa sikia linaloniuma. Ipo sheria mpya inayoruhusu halmashauri kujaribu njia zao za kulea watoto wasio na wazazi. Halmashauri yetu inajaribu kumwacha mtoto kwa mtu aliyemzoea, hata kama si ndugu wa damu. Mtu kama mimi. Nilikimbilia ofisi ya ustawi na kanga ya jikoni kiunoni. Wakaniambia majaribio ni ya kata ya Mshangano tu, sisi wa Mfaranyaki tusubiri kwanza waone matokeo. Miaka sita ya kumbeba yule mtoto mgongoni, halafu naambiwa tumekaa kata isiyohusika.

Nikahama, Mama. Nyumba yako nimemwachia mpangaji, nimepanga chumba Mshangano. Nikarudi ofisini. Wakasema ni lazima niwe nimeishi huko mwaka mzima. Nilitoka pale natukana njia nzima. Ungenikemea.

Kila Jumamosi naenda kituo cha watoto walikomweka. Wanamlisha vizuri, hilo siwezi kulisemea uongo. Lakini Jumamosi iliyopita hakunirukia. Alisimama kwenye mstari na wenzake, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mgeni."

Nikaitikia marahaba. Ningefanya nini, Mama?

Pumzika. Sijawasamehe, na Padri akinihimiza nasali kwa mdomo tu. Imebaki miezi saba. Sihami hapa, sikosi Jumamosi hata moja, na mwaka ukitimia nitakuwa mlangoni pa ofisi yao kabla hawajafungua. Aniite mgeni mpaka siku hiyo. Nitaitikia.

Mwanao,
Tumaini