Bustani ya Kutazamwa Kitandani

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Yale makopo ya maua uliyoyapanga asubuhi mstari mmoja kama gwaride, ~~yarudishe nilivyoyaweka~~ yaache kwanza. Nilikununia bure.

Ulipotoka nilijilaza kitandani kando ya mama yako, nikatazama dirishani kama anavyotazama yeye kutwa tangu ashindwe kuinuka. Mawingu yalipita taratibu hadi nikasahau safari yangu ya sokoni. Tumehangaika na njia ya kupinda, mimea mirefu nyuma, mifupi mbele, ili wageni wapendezwe wakiwa getini. Kumbe yeye anaona tangi la maji, basi!

Lile waridi jekundu lihamie mbele ya tangi, jicho lake lipate pa kutua. Ila kabla ya kuchimba, jilaze pale uone mwenyewe. Atakugawia mto, kama alivyonigawia mimi.

Mama watoto