Maji ya Kifua Chako

Mwanaidi, rafiki yangu,

Majani yameshika. Nimeona nianze na hilo, maana ungeniuliza kabla hata ya salamu.

Tangu tukuzike kule kwenu Kondoa, kupima kina cha bwawa la Haneti kumebaki kazi yangu peke yangu. Zamani wewe ndiye uliyeingia majini, mimi nikabaki ukingoni na kalamu, twiga mzima anayeogopa maji. Fimbo ya kupimia tuliitupa siku ya kwanza. Ilizama kwenye tope ikatudanganya. Ukasema miguu haidanganyi. Ukawa unatembea na kupaza sauti: "Goti! Kiuno! Kifua!" Na pale kwenye kifua ndipo majani ya majini yalipokuwa yamestawi, vifaranga vya perege vikijificha humo. "Yaliyokanyagwa na ng'ombe tutayapanda upya kwenye kina hiki hiki," ulisema.

Basi kiangazi kilipofika nikaingia mwenyewe, nikapanda kwenye maji ya kifua. Kifua changu, Mwanaidi! Yalioza yote. Maji yale yana tope, jua halifiki chini sana. Mwenyekiti wa kijiji akaniambia kwa upole, "Dada Nyemo, yakifa tena, ng'ombe tuliowahamishia upande wa pili warudi huku." Nikakaa ukingoni nikalia. Kisha nikacheka, kwa sababu nilikusikia kabisa: "We twiga, unapima kwa kifua cha nani?"

Lakini kifua chako ningekipata wapi? Uko chini ya udongo.

Ndipo nikakumbuka stendi ya mabasi, kila ulipokuwa unakwenda kwenu. Ulinikumbatia kwa nguvu, kichwa kikinifika kidevuni, na moyo wako nikauhisi ukigonga juu kidogo ya kitovu changu. Nikafunga pale pale mtandio wako alionipa mama yako. Nikaingia taratibu mpaka maji yakaulowesha, nikapanda hapo.

Sasa ni kijani kitupu, na jana nimeona vifaranga. Ng'ombe wanaendelea kunywa upande wa pili, hawana neno. Nimempigia mama yako simu. Amecheka. Ninakulilia bado, we mfupi.

Lala salama. Mvua zitakuja, maji yatapanda, na kiangazi kingine itabidi kupima upya. Nitafunga mtandio pale pale. Maji yakiufikia, nitapaza sauti, "Kifua!" Kalamu nimekuachia wewe.

Twiga wako,
Nyemo